Mkataba wa Bwana Grégoire

Goma, Katoyi, tarehe 12 Juni 2025

Mjomba Djibril,

Asalaam aleikum. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na mke wako Mama Dative. Sisi huku tuko. Mama anakusalimia sana, anasema wewe ni ndugu yake wa pekee na bado hukuja Idi. Goti lake la kushoto limepona. Sasa ni la kulia. Mdogo wangu Asha amepata kazi ya kufundisha darasa la kwanza, watoto sabini na wawili. Sauti imemwisha, nyumbani anaongea kwa mikono. Maji ya bomba yanakuja Alhamisi. Si kila Alhamisi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua simu huipendi, unasema haina mahali pa kusaini. Théogène, dereva wa Fuso, atakuletea.

Sasa neno lenyewe. Unajua nafanya kazi ya usekretera wa mbali: mtu yuko Ulaya, mimi niko Katoyi na kompyuta yangu, namjibia barua, nampangia mikutano, namkatia tiketi. Mama akiulizwa na majirani anasema, "Nasiba ni sekretera, lakini biro yake ya kazi iko kwa Wazungu." Tangu mwaka jana mteja wangu mkubwa ni Bwana Grégoire wa Liège, Ubelgiji. Anafundisha watu namna ya kupanga wakati wao. Ana wanafunzi mia nne. Wakati wake naupanga mimi.

Tulianza bila karatasi. Alisema kazi ni tatu: kalenda yake, barua za wanafunzi, na ankara. Mwezi wa pili wa kazi akasema, "Nasiba, kitu kidogo tu," nimwandikie jirani yake kuhusu mti unaomwaga majani upande wake. Niliandika. Jirani akajibu, nikajibu. Sasa mimi na huyo jirani tuna barua kumi na moja, na mti ungalipo. Mwezi wa nne, kitu kidogo tu, nimchagulie viatu. Mwezi wa sita, kitu kidogo tu, mama yake.

Mama yake ni Madame Odile, ana miaka sabini na tisa, anakaa katika nyumba ya wazee, na kila asubuhi anamwandikia mwanawe kwa kidole kimoja. Bwana Grégoire aliniambia, "Mjibu kwa jina langu, mistari miwili. Anafurahi upesi." Ninamjibu. Yeye anadhani ni mwanawe.

Mjomba, wewe umeandika makaratasi ya duane, ya ushuru wa mizigo mpakani, tangu sijaanza shule. Nataka kumwandikia huyu mtu mkataba. Niambie: mutu anaandikaje karatasi ili kitu ambacho hakikuandikwa kisipite?

Mpwa wako,
Nasiba


Bunagana, tarehe 5 Julai 2025

Mpwa wangu Nasiba,

Wa aleikum salaam. Barua yako ilitumia siku kumi na nane. Théogène anasema gari lilikufa Kibumba na alikula viazi vya watu wa kule mpaka wakamzoea.

Tuko wazima. Mama Dative alipanda maharage nyuma ya nyumba, mbuzi wa jirani akayala. Walizungumza, yeye na jirani. Sasa hawazungumzi. Mwambie mama yako nilikuwa na kazi nyingi wakati wa Idi. Samahani kwa hii karatasi ya daftari la shule. Ile yenye jina la ajansi yetu ya kupitisha mizigo imekwisha. Biro iko vizuri.

Nakujibu juu ya mkataba.

Kila kitu kinaandikwa kwa jina lake. Mtu akileta gari na kuandika "nguo", mtabishana mpaka jua lizame. Akiandika "suruali za watoto, pakiti arobaini", hakuna maneno. Kwa hiyo usiandike "kumsaidia Bwana Grégoire". Kusaidia ni tabia njema, si kazi. Andika "kujibu barua za wanafunzi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kutoka saa hii mpaka saa hii", na useme ni saa za Goma au za kwao.

Neno "na vinginevyo" usiliweke popote. Nimeona friji tatu zikipita ndani ya "na vinginevyo".

Malipo, uandike siku na njia, kwa kuwa benki zetu unazijua zilivyo sasa. Halafu kuna jambo ambalo watu wote wanalisahau, kwa sababu siku ya kuanza kazi kila mutu anacheka: andika namna ya kuachana. Siku thelathini kabla, kwa maandishi, na sababu. Si kwa mdomo, si mlangoni, si Jumanne asubuhi watu wakipita. Hicho kifungu usikitoe hata akilia.

Habari ya mama yake imenishinda. Katika kazi yangu sijawahi kuona mzigo wa namna hiyo.

Mjomba wako,
Djibril


Goma, Katoyi, tarehe 26 Julai 2025

Mjomba wangu,

Asalaam aleikum. Pole na maharage. Hapa Asha amepata sauti tena lakini ameona kwamba watoto walimsikia zaidi alipokuwa hana, kwa hiyo anaendelea na mikono. Mama ameanza kuuliza kama Mama Dative ana hasira naye. Nilimwambia ni kazi nyingi, kama ulivyosema.

Mkataba niliuandika. Kurasa mbili, vifungu saba, hakuna vinginevyo. Nilimtumia Bwana Grégoire Jumatatu. Jumatano alipiga simu ya picha, amevaa vile viatu nilivyomchagulia. Aliniinulia mguu nivione.

"Nasiba," akasema, "nimeona karatasi yako. Imeniumiza."

"Imekuumiza wapi, Bwana Grégoire?"

"Moyoni."

"Nilidhani ni kifungu cha tatu, cha malipo."

"Kati yetu kuna uaminifu. Uaminifu hausainiwi."

"Wanafunzi wako wote wanasaini kabla ya somo la kwanza. Mikataba yao naipanga mimi."

"Hao ni wateja."

"Na wewe ni mteja wangu."

Akatazama dirishani. Kisha akasema mtandao unakatika. Mjomba, mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote za mwezi.

Tangu hapo hajataja mkataba, na mimi naendelea na kazi. Usinikasirikie. Nina mteja mwingine mmoja tu, mdogo, na nyumba hii unajua inakaa mgongoni mwa nani.

Lakini kuna jambo sikukuambia. Ile mistari miwili ya Madame Odile, sikubaki katika mistari miwili. Aliandika kwamba supu ya pale haina chumvi, kwamba mzee wa chumba cha pili anamwibia gazeti, kwamba goti linamuuma. Nikamweleza namna Mama anavyojikanda kwa kitambaa cha moto, nikamuuliza kama linauma zaidi akipanda au akishuka ngazi. Akanijibu hivi, nimekutafsiria neno kwa neno:

"Grégoire, una miaka hamsini na tatu na hujawahi kuniuliza habari ya goti. Je, wewe ni mgonjwa?"

Nilimwambia niko mzima. Sasa ananiandikia mara mbili kwa siku.

Mpwa wako,
Nasiba


Bunagana, tarehe 20 Agosti 2025

Nasiba,

Wa aleikum salaam. Tuko wazima. Mvua hakuna, vumbi liko.

Sikukasirika, lakini nakuambia mara moja: usifanye kazi hata siku moja zaidi bila karatasi. Kuna mzee mmoja hapa Bunagana, mtu wa duane kama mimi, simfahamu sana. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwa mukubwa mmoja. Waliheshimiana. Walikula pamoja Idi na Noeli. Kila mwaka alisema, mwaka huu nitamwomba kontra, ule mkataba wa kazi, halafu akaona aibu, kwa sababu utamwombaje kontra mutu aliyebeba jeneza la mama yako? Mukubwa akafa. Basi.

Sina la kuongeza juu ya huyo mzee.

Mama yako mwambie hakuna mwenye hasira naye. Nitakuja kazi ikipungua.

Djibril


Goma, Katoyi, tarehe 9 Septemba 2025

Mjomba,

Asalaam aleikum. Mama na Asha wanakusalimia. Wote wazima. Barua hii nimeiandika mara tatu, kwa hiyo samahani kama imekauka.

Madame Odile anatimiza miaka themanini tarehe 21 mwezi huu. Aliniandikia: "Umesema tutaonana. Nimewaambia wote hapa kwamba mwanangu anakuja. Nimemwambia hata mwizi wa gazeti." Nikatafuta katika barua zangu na kweli nililiandika hilo neno, "tutaonana", mwezi wa saba, kama mtu anavyoaga. Mimi niliaga, yeye akapewa ahadi.

Nilimpigia Bwana Grégoire nikamwambia, "Mama yako anakungoja tarehe ishirini na moja."

"Siku hiyo nina semina. Mwandikie niko safarini."

"Hauko safarini. Kalenda yako ninayo mimi. Semina iko mtaa wa nyuma ya nyumba yako."

"Nasiba, ni kitu kidogo tu."

"Kwa jina lako siandiki tena kwa mama yako. Nakutumia mkataba upya. Kifungu cha sita kinasema hivyo. Ukisaini, kesho saa mbili asubuhi niko kazini."

"Na nisiposaini?"

Mjomba, nilikuwa nimejitayarishia maswali yote isipokuwa hilo. Nikasema, "Usiposaini, hujasaini." Ndiyo hekima niliyoipata.

Jumatatu asubuhi, tarehe moja, nilifungua kompyuta, maneno ya siri yote yamebadilishwa. Kalenda, barua, kila kitu. Hakuniandikia hata neno. Hakuna siku thelathini, maana karatasi inayosema siku thelathini iko kwangu, nyeupe upande wa chini.

Nyumbani sijamwambia mtu. Kila siku saa mbili nakaa mbele ya kompyuta, saa kumi na moja naifunga. Mama ananiletea chai na kutembea taratibu asinisumbue. Jana nilisoma kitabu chote cha maelekezo ya betri.

Sasa nakuuliza jambo, na ukitaka ukasirike. Théogène alipoleta barua yako nilimwambia, "Msalimie Mjomba huko bironi kwake." Akanitazama. Akasema, "Muzee Djibril? Yule haendi biro tangu mwezi wa tatu. Anashinda kwa mama wa chai, pale malori yanapoegeshwa, na sakoshi yake ya makaratasi magotini. Nilidhani munajua."

Mjomba, yule mzee usiyemfahamu sana, ni wewe?

Nasiba


Bunagana, tarehe 12 Oktoba 2025

Mpwa wangu Nasiba,

Wa aleikum salaam. Barua yako ilifika tarehe 17 Septemba. Kuchelewa safari hii si gari.

Ni mimi.

Mukubwa wangu, Muzee Havugimana, alifariki mwezi wa kwanza, nilikuambia. Mtoto wake akachukua ajansi. Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, Jumanne, nilifika saa moja na nusu kama kawaida, nikamkuta amesimama mlangoni. Hakunipa nafasi ya kuingia.

"Muzee Djibril," akasema, "sasa kila kitu tunakifanya kwa kompyuta. Acha tu ufunguo."

"Barua iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya kunitoa kazini."

"Muzee, barua ya kukuingiza haiko. Ya kukutoa itatoka wapi?"

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Watu walikuwa wanapita, wananisalimia. Na alisema kweli. Miaka ishirini na sita niliwakatalia watu mizigo kwa kukosa karatasi moja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepita bila hata moja. Nikampa ufunguo. Nikamwonyesha pia namna ya kuuinua mlango kidogo ndipo ufunguke, kwa sababu ule mlango una ugonjwa wake.

Kesho yake nilivaa, nikachukua sakoshi, nikatoka. Sikujua naenda wapi. Nilikwenda kwa mama wa chai. Nikafanya hivyo miezi sita. Mama Dative alinifungia chakula kila asubuhi, nami nilikula saa sita kamili, kama mtu mwenye kazi.

Barua yako ilipofika niliisoma pale kwenye malori, nikaikunja, nikaisoma tena. Nilikusoma umekaa mbele ya kompyuta iliyofungwa na dada yangu anakuletea chai, nikasikia aibu, kwanza yangu, halafu yako, halafu sikujua tena ni ya nani. Siku hiyo nilirudi nyumbani saa nne asubuhi. Mama Dative alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia, "Sina kazi tangu mwezi wa tatu."

Akasema, "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Mashati. Miaka yote yalirudi na wino kwenye mkono wa kulia. Tangu ile Jumanne yanarudi safi."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ulikuwa unavaa vizuri, unatoka vizuri. Nikaona nikungoje."

Akaendelea na mchele. Baadaye nikaona machozi, na yeye akasema ni vumbi la mchele, na mimi nikakubali ni vumbi la mchele.

Waambie mama yako na Asha habari zako leo, kabla ya chai. Zangu pia waambie. Sikuja Idi kwa sababu mama yako angeniuliza "kazi inaendaje?" nami kumdanganya usoni sijui, tangu utoto. Kwa karatasi ninaweza, kama ulivyoona.

Mjomba wako,
Djibril


Goma, Katoyi, tarehe 30 Oktoba 2025

Mjomba wangu,

Asalaam aleikum. Niliwaambia. Mama alilia kidogo kwa ajili yangu, sana kwa ajili yako, kisha akakasirika na sisi wote wawili, hasira ambayo bado ipo. Anasema tangu mwezi wa tisa ametembea kwa vidole nyumbani kwake mwenyewe, na goti lile, kwa ajili ya kompyuta isiyofanya kitu. Asha alicheka mpaka sauti ikakatika tena.

Sitakupa pole, najua utairudisha.

Tarehe 20 mwezi huu Bwana Grégoire alipiga simu. Alikuwa amepungua. Alikosa mikutano mitatu, na mmoja alikwenda siku ambayo si yake, akafundisha watu ambao walikuwa wamekuja kujifunza kupika. Lakini hakupiga kwa ajili ya hayo.

Mwezi na nusu alikuwa anamjibu mama yake mwenyewe. Mistari miwili. Siku ya kutimiza miaka themanini hakwenda, alituma maua. Mama yake akaandika barua moja tu: "Nimeona Grégoire amerudi. Nani alikuwa hapa kabla yake?"

Akaenda. Kule nyumba ya wazee alikuta barua zangu zote zimechapishwa na kupangwa ndani ya faili. Mama yake akampa faili akamwambia asome kwa sauti. Alisoma la supu, la gazeti, la goti. Aliniambia, "Kwenye ukurasa wa nne nilishindwa. Akaniambia niendelee. Nikaendelea." Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nasiba, ulijuaje kumwuliza kama ni kupanda au kushuka?"

"Nina mama," nikasema. "Naye ana magoti."

Akasema atasaini. Siku ya kwanza aliurudisha mkataba amepiga mstari juu ya kifungu cha saba, cha siku thelathini. Nikamrudishia bila mstari. Akapiga simu.

"Unataka kuniacha?"

"Hapana. Nataka yeyote atakayemwacha mwenzake amwambie kwanza."

Alisaini tarehe 27, kurasa zote mbili. Saa ni za Goma, Jumatatu mpaka Ijumaa. Barua za jirani na mti wake hazimo, nimemkabidhi, akashangaa ni nyingi namna ile. Yule mteja wangu mdogo naye nimempelekea mkataba wake, akasaini siku ileile akauliza kwa nini nilichelewa.

Madame Odile nilimwandikia kwa jina langu, kumwomba msamaha. Sikuwahi kuogopa barua vile. Alinijibu: "Binti yangu, sina hasira na wewe. Nina hasira na mtu mwingine, naye anakuja kila Jumapili. Kwa jina lake usiniandikie tena. Kwa jina lako niandikie, na hilo usiliweke kwenye mkataba."

Sasa wewe. Mtoto wa Havugimana alisema kweli juu ya barua ya kukuingiza. Lakini kazi ilifanyika, na kuna watu waliiona ikifanyika. Hao unao. Dai atestasyo ya kazi, karatasi inayoshuhudia kwamba ulifanya kazi pale, tangu lini mpaka lini. Bila hiyo ajansi nyingine itakuonaje isipokuwa mzee mwenye sakoshi? Nisamehe, nimeandika kama ninavyofikiri.

Nimekufungia karatasi nyeupe hamsini. Hizo za daftari uziache.

Mpwa wako,
Nasiba


Bunagana, tarehe 24 Novemba 2025

Mpwa wangu Nasiba,

Wa aleikum salaam. Mvua imeanza, na Mama Dative amepanda tena maharage, safari hii kwa uzio. Karatasi zimefika, moja ililowa pembeni, nimeikausha. "Mzee mwenye sakoshi" nililisoma mara nyingi. Mama Dative alisema umepunguza.

Nilifanya hivi. Niliandika ukurasa mmoja: jina langu, kazi yangu, tarehe ya kwanza, tarehe ya mwisho. Nikaupeleka kwenye malori. Walisaini madereva kumi na mmoja, wapakiaji sita, na mama wa chai, ambaye alitaka kuandika pia idadi ya vikombe, nikamkataza. Wapakiaji wanne hawajui kuandika, wakaweka kidole gumba. Théogène alisaini kwa herufi kubwa sana, hakuna aliyepata nafasi chini yake.

Jumatatu nilikwenda ajansi. Mlango ulikuwa umemshinda kijana, uko wazi siku zote. Nikaingia na kukaa.

"Muzee Djibril, nikusaidie nini?"

"Soma."

Akasoma. Akageuza, akahesabu majina.

"Nani amekuandikia hii?"

"Mimi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu hapa."

Akachukua karatasi ya ajansi, akaandika, akapiga kashe, muhuri wa ajansi, akanipa. Ilisema nilifanya kazi pale "miaka mingi". Nikamwambia miaka mingi si tarehe. Akaandika tena, akakosea mwaka. Nikabaki nimekaa. Mara ya tatu ikawa sawa. Aliponipa alisimama, na akasema, "Baba alikuwa anakutaja sana." Nilitaka kumjibu vibaya, nilikuwa na maneno tayari tangu mwezi wa tatu. Lakini kijana ana pua ya baba yake. Nikamwambia apake mafuta bawaba za mlango.

Na ile atestasyo nilikwenda kwa Munguakonkwa, mwenye ajansi ya upande wa pili wa barabara. Alinifahamu, akasema, "Muzee, uanze kesho." Nikasema nianze na kontra. Akacheka. Mimi sikucheka, nikabaki nimesimama. Akamwita mhasibu wake alete kontra ya mfano. Mhasibu akatafuta, akarudi, akasema haiko. Akawauliza wafanyakazi wengine watatu walete za kwao waige. Wale watatu walitazamana. Hakuna aliyekuwa nayo, wala mhasibu mwenyewe.

Basi Munguakonkwa akaniambia niiandike mimi. Niliandika siku mbili, juu ya karatasi zako. Vifungu tisa, nimekupita viwili. Siku thelathini zimo. Nilipomaliza, wale watatu na mhasibu wakaomba niwaandikie na wao, nikawaandikia. Munguakonkwa alisoma zote tano, polepole, akisogeza midomo, kisha akasema kwamba miaka yote hii alidhani alikuwa mwajiri mzuri. Nikamwambia aweza kuendelea kudhani hivyo, ila asaini.

Tulisaini Ijumaa, baada ya swala. Mama Dative alikuja akasimama karibu na dirisha, amevaa kitenge cha sherehe. Mama yako mwambie nitakuja Goma mwezi wa kumi na mbili, siku nne, ni likizo, iko kwenye kifungu cha tano. Anaweza kuniuliza kazi inaendaje.

Jambo moja tu nikuambie wewe peke yako. Nimesaini makaratasi ya watu maisha yangu yote, kwa niaba ya huyu na kwa niaba ya yule, mkono unajua njia wenyewe. Ijumaa waliponiwekea ile kontra mezani na kunipa kalamu, niliona chini kuna nafasi mbili, mkono ukasimama. Ikabidi niulize mfanyakazi anasaini upande gani.

Wakanionyesha.

Mjomba wako,
Djibril